Kata Mti, Linda Kisiki: Mazungumzo juu ya Kuni za Nyumbani

Maneno haya yalisemwa kwa wakazi wa vijiji vya makazi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, magharibi mwa Uganda. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika wanaotaka kuyasoma tena pamoja na jirani.

 

Leo nataka tuzungumze juu ya kisiki. Sizungumzi juu ya mti mkubwa wenye kivuli, wala juu ya mche mdogo wa kitaluni. Nazungumza juu ya kile kipande kinachobaki ardhini baada ya shoka kupita. Wengi wetu tunakiona kisiki kama kitu kilichokufa. Tukikosa kuni, tunachukua jembe na sululu, tunakichimba pamoja na mizizi yake, tunapika siku mbili au tatu, na mambo yanaishia hapo.

Ninalotaka kukuambia ni moja tu. Kisiki cha mti unaofaa, kikikatwa vizuri na kulindwa miezi michache, kitakupa kuni tena na tena kwa miaka mingi. Anayechimba kisiki kama hicho ni sawa na mkulima anayekula mbegu yake ya mwisho. Wahenga walisema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kisiki nacho uzazi wake ungalipo.

KWA NINI KUNI NI JAMBO KUBWA?

Huhitaji kuambiwa na mtu wa ofisini. Wewe unayepika unajua. Chakula kinaweza kuwamo ndani ya nyumba na watoto wakalala bila kula kwa sababu hakuna cha kuwasha. Maharagwe hayaivi kwa maneno, na sombe haitaki moto wa dakika tano.

Zaidi ya hayo, tazama nani anakwenda kutafuta kuni. Mara nyingi ni mama, au ni binti. Binti akitoka asubuhi kwenda porini, siku hiyo shule imempita. Mama akienda peke yake mbali na nyumba, njiani kuna hatari tunazozijua sote: kupigwa, kunyang'anywa panga, na hata kubakwa. Tena, porini huko si pori lisilo na mwenyewe. Kila mti una mtu, au una serikali. Ugomvi mwingi kati yetu na wenyeji wetu huanzia kwenye mzigo mmoja wa kuni.

Kuna pia hesabu ya mfukoni. Tangu mwaka 2020 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda umepunguzwa mara kadhaa. Mtu anayeuza sehemu ya unga ili anunue makala ya kupikia unga uliobaki, anajua jinsi sufuria inavyopungua. Kwa hiyo kila mzigo wa kuni unaotoka kwenye kiwanja chako mwenyewe ni chakula kilichobaki nyumbani, na ni safari moja ya hatari ambayo binti yako hakuifanya.

Wazee waliotoka Goma na Rutshuru wanakumbuka mwaka 1994. Mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, wakawekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kando ya Hifadhi ya Virunga. Watu wale walikuwa wanahitaji kupika kama sisi. Ukataji uliingia ndani ya hifadhi, na milima iliyokuwa na msitu ikabaki wazi. Siwalaumu, maana mwenye njaa hakumbuki msitu. Nasema tu kwamba sisi tuna nafasi ambayo wao hawakuwa nayo: tuna kiwanja, tuna mvua mara mbili kwa mwaka, na tuna muda wa kujipanga.

KISIKI KINAFANYAJE KAZI?

Mti una sehemu mbili: ile unayoiona na ile usiyoiona. Ukikata shina, mizizi haijui kwamba umekata. Bado inavuta maji, na bado ina chakula ilichokiweka akiba. Chini ya ganda la kisiki kuna macho madogo yaliyolala. Shina likiondoka, macho hayo huamka, nayo hutoa machipukizi.

Sasa linganisha mche na chipukizi. Mche uliotoka kitaluni una mzizi mdogo kama uzi. Jua likiwa kali kidogo, unanyauka. Chipukizi la kisiki limekaa juu ya mizizi ya mti mzima. Ndiyo maana linakua haraka kuliko mche uliopandwa siku hiyo hiyo, na ndiyo maana kukata na kuchipusha ni njia ya maskini: unapanda mara moja, unavuna mara nyingi.

Lakini macho hayo yanahitaji ganda zima na mizizi hai. Ukichana ganda, ukawasha moto juu ya kisiki, au ukaacha mbuzi watafune kila jani jipya, akiba ya mizizi inakwisha na kisiki kinakufa kweli.

WALIOTUTANGULIA

Si jambo la kubuni. Katika nchi ya Niger, eneo la Maradi, kulikuwa na ukame na upepo wa mchanga. Miche iliyopandwa ilikuwa ikifa kwa wingi. Mwaka 1983 mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliona kwamba vichaka vidogo vilivyotapakaa mashambani havikuwa vichaka, bali ni machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa. Wakulima wakaanza kuchagua machipukizi machache katika kila kisiki, kukata mengine, na kulinda yaliyobaki. Njia hiyo ilienea kutoka shamba hadi shamba, na leo inakadiriwa kwamba imerudisha miti kwenye karibu hekta milioni 5 za nchi ile.

Karibu nasi, katika mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania, miti mingi ilikuwa imefyekwa, sehemu kwa ajili ya kufukuza mbung'o na sehemu kwa mashamba na kuni. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 mpango uitwao HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulirudia desturi ya Wasukuma ya ngitili: kutenga eneo, kulifunga lisilishwe ovyo, na kuliacha lipumue. Miti mingi iliyorudi haikupandwa na mtu. Iliota kutoka kwenye mizizi na visiki vilivyokuwa hai. Na mkoani Dodoma wakulima wana jina zuri kwa njia hii: wanaiita Kisiki Hai.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani atatuletea miche, tuulize kwanza: visiki vyetu viko wapi?

ANZA NA VISIKI ULIVYONAVYO

Zunguka kiwanja chako kesho asubuhi. Tafuta kila kisiki chenye majani mabichi, hata kama ni kidogo kama kofia. Weka alama ya kijiti pembeni yake. Ondoa takataka na majivu yaliyorundikwa juu yake. Chagua machipukizi matatu au manne yenye nguvu na yaliyonyooka, ukate mengine kwa kisu kikali. Kisha zungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasifike.

Kazi hii haihitaji shilingi hata moja. Ukiwa na visiki sita vilivyo hai kiwanjani, tayari una mwanzo wa msitu wako mdogo.

MITI IPI INAFAA?

Si kila mti huchipua. Misonobari, yaani paini, na misaiprasi ukiikata chini imekwisha. Usiipande kwa ajili ya kuni za kukata na kuchipusha. Miti ifuatayo inafaa:

Kaliandra. Ni mti mdogo wenye maua mekundu kama brashi. Asili yake ni Amerika ya Kati. Mwaka 1936 mbegu zake zilipelekwa kisiwa cha Java, Indonesia, kutoka Guatemala, na huko watu wa vijijini wakaupenda sana kwa kuni. Unakua upesi na unachipua kwa nguvu. Majani yake mabichi ni lishe nzuri ya mbuzi na ng'ombe, maua yake yanapendwa na nyuki, na mizizi yake hurutubisha udongo. Kuni zake ni nyembamba, rahisi kukata kwa panga, hazihitaji kupasuliwa. Kwa mama mwenye kiwanja kidogo, huu ndio mti wa kwanza.

Mjohoro. Kuni zake ni ngumu na zina moto mzuri. Huchipua vizuri sana. Angalia jambo moja: majani na maganda ya mbegu zake ni sumu kwa nguruwe. Mwenye nguruwe asiupande karibu na banda. Pia kuna mti unaofanana nao, ni kasia wenye maua mengi ya njano, unaoenea wenyewe na ambao umevamia msitu wa Budongo. Huo usiupande. Mwulize afisa wa misitu kabla ya kuchukua mche.

Musambya, ambao ndugu zetu Warundi na Wanyarwanda wanauita umusave. Ni mti wa asili ya huku kwetu. Haukui upesi kama kaliandra, lakini unachipua, na unakupa nguzo za nyumba pamoja na kuni.

Mkaratusi. Unajulikana na kila mtu. Unachipua vizuri na kisiki kimoja huvunwa mara kadhaa. Lakini unakunywa maji mengi na mazao yaliyo karibu nao hunyong'onyea. Usiupande kando ya kijito, kisima wala bonde la maji, na usiupande ndani ya shamba la maharagwe. Mahali pake ni eneo la kikundi, mbali na mazao.

Grevilea. Mti huu ukikatwa chini kabisa mara nyingi hauchipui vizuri, hasa ukiwa umezeeka. Lakini ukikata matawi yake na kuacha shina refu limesimama, hutoa matawi mapya. Ni mti mzuri wa mpakani, kwa sababu mbuzi hawafikii machipukizi yaliyo juu.

MPANGO WA KIWANJA KIMOJA

Tuseme una kiwanja cha mita 30 kwa 30. Kuzunguka kiwanja chote ni mita 120. Acha mita 20 kwa ajili ya mlango, njia na choo. Zinabaki mita 100. Ukipanda kaliandra moja kila nusu mita, hatua moja ndani ya mpaka wako ili usigombane na jirani, utakuwa na miti 200. Na katikati bado una shamba lako lote la mahindi, maharagwe na mihogo.

Loweka mbegu kwenye maji baridi kwa siku mbili kabla ya kuzipanda kitaluni. Miche ihamishiwe kiwanjani mvua zinapoanza, mwezi wa Machi au Septemba. Ondoa mfuko wa plastiki usikae ardhini pamoja na mizizi. Palilia miezi ya kwanza, maana majani hushinda mche mdogo.

Usikate miti yote 200 kwa siku moja. Hapa ndipo wengi hupotea. Igawe katika mafungu manne ya miti 50, na kila fungu lipe namba. Kata fungu moja mwishoni mwa Februari na fungu moja mwishoni mwa Agosti. Kama ulipanda mwezi wa Machi na miti imekua vizuri, fungu la kwanza linaweza kukatwa Februari inayofuata. Kama bado ni myembamba, ngoja Agosti. Fungu la pili linafuata baada ya miezi sita, kisha la tatu, kisha la nne. Utakaporudi kwenye fungu la kwanza, litakuwa limepumzika miaka miwili kamili, na machipukizi yake yatakuwa kuni.

Je, kuni hizo zitatosha mwaka mzima? Kwa familia kubwa, uzio peke yake hautatosha. Mavuno hutegemea udongo, mvua na matunzo. Pima mwenyewe: kwa wiki moja hesabu mizigo unayotumia jikoni, halafu hesabu mizigo uliyovuna kwenye fungu moja. Ukiona uzio wako unakupa wiki sita za kupika, hizo ni wiki sita ambazo hakuna mtu wa nyumba yako aliyekwenda porini. Haba na haba hujaza kibaba.

NAMNA YA KUKATA

Soma sehemu hii polepole, na umsomee yule atakayeshika panga.

1. Chagua wakati. Kata mwishoni mwa kiangazi, kabla kidogo ya mvua. Machipukizi yatatoka na kukuta maji. Ukikata kiangazi kinapoanza, kisiki kitahangaika miezi mitatu bila mvua.

2. Noa panga au shoka. Chombo butu hakikati, kinachana. Msumeno ni bora zaidi kwa shina nene.

3. Pima urefu. Kaliandra ikatwe kati ya sentimita 30 na 50 kutoka ardhini, yaani chini kidogo ya goti au usawa wake. Mkaratusi ukatwe chini zaidi, sentimita 10 hadi 15.

4. Kwa shina nene, kata kwanza alama upande ambao mti utaangukia, ndipo ukate upande wa pili. Usipofanya hivyo, mti ukianguka utachana ganda hadi chini, na macho yaliyolala yatachanika nalo.

5. Kata kwa mshazari, uso wa kisiki uelekee upande mmoja kama paa la nyumba. Maji ya mvua yateremke, yasituame na kuozesha.

6. Usirundike matawi juu ya kisiki, na usichome takataka karibu nacho. Matawi madogo na majani yatandaze shambani, au wape mbuzi.

7. Watoto wakae mbali. Anayekata ahakikishe hakuna mtu nyuma yake wala upande ambao mti utaangukia.

MIEZI MINNE YA KWANZA

Adui wa kwanza wa kisiki ni mbuzi. Panga hukata mara moja, lakini mbuzi hurudi kila siku. Chipukizi likitafunwa, kisiki hutoa jingine kwa akiba ya mizizi. Likitafunwa tena, kinatoa jingine. Mwisho wake akiba inakwisha. Kwa hiyo linda kila fungu lililokatwa mpaka machipukizi yapite kimo cha mbuzi anaposimama kwa miguu miwili. Tumia miiba, au funga mbuzi wako na umpelekee majani. Kwa kuwa umekata fungu moja tu, unalinda mita 25, si kiwanja chote. Hiyo ni faida nyingine ya mafungu.

Machipukizi yakifika kimo cha kiuno, punguza. Kisiki kinaweza kutoa kumi na tano kwa pamoja, yote membamba, yakigombania chakula. Ukitaka kuni nyembamba za jiko, acha manne au matano. Ukitaka nguzo, acha moja au mawili. Chagua yale yaliyoota chini, karibu na ardhi, maana yanashika vizuri. Na pale penye upepo mkali, pendelea yaliyoota upande unaotoka upepo: upepo utayasukuma kuelekea kwenye kisiki badala ya kuyabandua. Yale unayoyakata usiyatupe. Hayo nayo ni kuni za kuwashia moto.

KIKUNDI NA EKA MOJA

Kikundi cha akina mama, kanisa, msikiti au shule inaweza kufanya zaidi. Eka moja ni karibu mita za mraba 4,000. Ukipanda miti kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, inaingia karibu miti 1,000. Igawe katika mafungu matano ya miti 200. Mwaka wa tatu kata fungu la kwanza, mwaka wa nne la pili, na kuendelea hadi mwaka wa saba. Mwaka wa nane unarudi kwenye fungu la kwanza, na machipukizi yake yana miaka mitano. Tangu hapo kila mwaka una fungu la kuvuna, na msitu wako haujapungua.

Lakini miti haivurugi kikundi, watu ndio huvuruga. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la kwanza, fanyeni haya:

Pata ruhusa ya ardhi kwa maandishi. Ardhi ya makazi iko chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, OPM. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani RWC, naye awapeleke. Kama ardhi ni ya mwenyeji, andikeni makubaliano: nani ana ardhi, nani ana miti, mavuno yatagawanywaje, na nini kitatokea mmoja akiondoka. Yasomwe kwa lugha ambayo pande zote zinaelewa, na mashahidi watie sahihi.

Kamati iwe na wanawake, tena wengi. Si haki wanaobeba mzigo kichwani wasiwe na neno wakati wa kugawa.

Kabla ya kugawana, toeni kwanza sehemu ya wasiojiweza: mzee anayeishi peke yake, mjamzito, mgonjwa, mtu mwenye ulemavu.

Andikeni katika daftari kila mzigo unaotoka. Daftari huzuia maneno mengi ya pembeni.

KUNI MBICHI ZINAKULA KUNI

Kazi haiishi kwenye kukata. Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukizitia jikoni, moto wako unachemsha kwanza maji yaliyo ndani ya kuni, ndipo uchemshe yaliyo ndani ya sufuria. Moshi unajaa nyumba, macho yanawasha, watoto wanakohoa.

Kwa hiyo kuni za fungu la Februari usizipike Februari. Pasua zilizo nene, zipange juu ya mawe mawili ili zisiguse udongo, zifunike juu na uache pembeni upepo upite. Miezi miwili au mitatu ya jua inatosha kwa kuni nyembamba. Halafu saidia kuni zako: loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, tumia jiko la udongo lenye kuta badala ya mawe matatu yaliyo wazi upepo unakopita. Nyumba inayotumia kuni chache ina uzio unaotosha wiki nyingi.

"SISI TUTAONDOKA KESHO"

Nimeacha neno zito mpaka mwisho. Nikizungumza juu ya kupanda, mara nyingi mzee mmoja husimama na kuuliza: "Mwanangu, unatuambia tupande miti, kwani tumehamia hapa? Sisi tutarudi kwetu."

Ni swali la haki, na linastahili jibu la heshima. Hakuna kati yetu anayepanda uzio kwa sababu amesahau nyumbani. Anayepanda mvule kwa ajili ya mbao anahesabu miaka ambayo hatuna uhakika nayo. Anayepanda kaliandra anahesabu mwaka mmoja au miwili. Na aliyelinda kisiki kilichopo tayari anahesabu miezi. Jiulize umekaa hapa misimu mingapi ya mvua. Kama ungelinda visiki vyako msimu ule wa kwanza, leo ungekuwa unapikia nini?

Na siku ya kurudi ikifika, Mungu akipenda, hutaondoka mikono mitupu. Kisiki hutaweza kukibeba, lakini maarifa ya mikono yako yatavuka mpaka pamoja nawe. Huko tulikotoka pia milima mingi inahitaji miti. Na kiwanja utakachokiacha, mwenyeji aliyetupokea, au mkimbizi atakayekuja baada yako, atakuta uzio unaochipua. Huo nao ni uso mzuri wa kuondoka nao.

Basi nakuomba mambo matatu kabla ya mvua zijazo. La kwanza: usichimbe kisiki chochote kilicho hai, na umwambie jirani asichimbe. La pili: weka alama na miiba kwenye visiki ulivyonavyo. La tatu: jiandikishe kwa mwenyekiti wako wa kijiji ikiwa unataka miche, ili tujue idadi kabla kitalu hakijapandwa. Asiyejua kusoma asomewe karatasi hii na mtoto wake anayesoma shule, na mtoto huyo aonyeshwe kisiki kwa vitendo. Kwa njia hiyo wote wawili watakuwa wamejifunza.

Kata mti, linda kisiki.